Tabora si miembe peke yake

Mgeni akifika Tabora huonyeshwa tembe la Livingstone kule Kwihara, kisha miembe ya enzi za misafara. Sawa, kivuli chake hakina mpinzani. Lakini mwembe ni mti wa kuja, ulipanda bara na wafanyabiashara wa pwani. Wenyeji ni miombo, ambayo maua yake hakuna anayesimamisha gari kuyapiga picha.

Kule Choma cha Nkola, wilayani Igunga, nchi ni ya wazi na migunga ni mingi. Ushuke kusini, uipite Tabora mjini hadi Sikonge, ndipo utaingia msitu wa miombo na kukutana na mtundu, myombo, muba na mninga. Kuanzia Agosti, mvua ikiwa bado haijanukia, mtundu huchipua majani mekundu ya shaba. Wapita njia hudhani hayo ndiyo maua. Maua yenyewe ni vishada vidogo vya rangi ya kijani hafifu. Usipoinua shingo utayapita, ila mvumo wa nyuki utausikia. Maganda yake makavu nayo hupasuka kwa jua kali, pa! yakajipinda na kurusha mbegu. Mwenye majivuno ni mninga tu: hujivika manjano yenye harufu tamu, wiki mbili tatu, basi.

Muba hauna haraka. Huchanua wakati wa mvua, na nekta yake ndiyo inayojaza mizinga kwa mavuno makubwa ya katikati ya mwaka. Mtundu huleta asali ya mwishoni mwa mwaka, kidogo. Ningeulizwa mti wa kuchorwa kwenye mabango ya kukaribisha wageni mkoani, ningetaja muba bila kusita.

Tena ndio unaoumizwa na walaji wa asali yake. Gome lake hubanduliwa kutengeneza mizinga, na mti uliovuliwa gome kuzunguka shina lote haupoi. Ongeza kuni za kukaushia tumbaku. Mizinga ya mbao ipo, ila gome halinunuliwi dukani.

Kuipanda miombo upya ni kazi: mche hukaa miaka ukijenga mizizi ardhini, huku kijiti cha juu kikiungua na kuchipua tena. Kisiki kina mizizi tayari. Anayeliacha shamba la tumbaku bila kung'oa visiki atapata machipukizi mapema kuliko mwenye kitalu.