Vina na Mizani Vilivyohifadhi Wasia wa Mama

Wako wadhanio kuwa vina na mizani ni pambo tu la washairi. Hebu tuutazame Utenzi wa Mwana Kupona.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate, alikuwa mgonjwa. Akamtungia binti yake wasia. Miaka michache baadaye alifariki dunia.

Wasia huo una beti zaidi ya 100. Binti angewezaje kuushika wote moyoni? Kila ubeti una vipande vinne, na kila kipande kina mizani 8. Hesabu mwenyewe: "Mtoto asoma leo" ni mizani 8, kwani "m" ya mwanzo huhesabiwa peke yake. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, ambacho aghalabu hubadilika katika ubeti ufuatao. Kipande cha nne huishia kwa "-ya", na sauti hiyo hurudi ubeti baada ya ubeti hadi tamati.

Basi mghani akisahau neno, mizani humwonyesha pengo lilipo, nacho kina humdokeza sauti ya neno lililompotea. Hivyo maneno ya mama yakadumu baada ya mama mwenyewe kuondoka.

Kwa hiyo, msomaji, usiusome utenzi kimyakimya. Ughani mbele ya wanao, nao wahesabu mizani kwa vidole. Kisha nyamaza kabla ya kina cha mwisho, wakitaje wao. Wakikipata, jua wameanza kuuhifadhi.