Maandishi ya kompyuta yana ukungu? Kagua skrini kabla ya kununua miwani

Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta yenye skrini pana nyumbani, iwe hapa Kemondo, Muleba au Bukoba mjini. Mtoto anafanyia kazi za shule, mama anaweka hesabu za duka, na jioni familia inafungua Qur'an humo humo. Baada ya muda huanza malalamiko: maandishi yana ukungu, macho yanawasha, kichwa kinauma. Wapo wanaokimbilia miwani ya kusomea inayouzwa bila kupimwa. Kabla ya kutoa fedha, fahamu kuwa ukungu huo unaweza kuwa kwenye skrini, si kwenye jicho.

Ukungu unatoka wapi?

Monita za zamani, zile za chogo, ziliweza kupokea vipimo mbalimbali vya picha bila taabu kubwa. Skrini bapa ni tofauti. Imetengenezwa kwa vitone vidogo vya mwanga vilivyopangwa kwa safu, na idadi yake haibadiliki. Zipo zenye vitone 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, na zipo za 1920 kwa 1080. Kompyuta ikituma picha yenye idadi hiyo hiyo, kila kitone cha picha hukaa mahali pake na herufi hutoka safi.

Taabu huanza pale skrini ya 1920 kwa 1080 inapotumiwa picha ya 1024 kwa 768. Hapo kitone kimoja cha picha hutakiwa kujaza karibu vitone viwili kwa upana, lakini kimoja na nusu hivi kwa kimo. Kwa kuwa kitone hakikatiki, skrini huchanganya rangi za vitone jirani, na kingo za herufi hupata kivuli. Aidha, picha ikijazwa skrini nzima huvutwa kwa upana kwa theluthi moja zaidi: duara huwa kama yai, na uso wa mtu hunenepa.

Msomaji wa Kiarabu huumia zaidi. Baa, taa na thaa hutofautiana kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Nukta zikiingiana, mtoto wa madrasa anaweza kusoma taa mahali pa thaa, akaonekana mzembe kumbe hana kosa. Irabu nazo, kwa udogo wake, humezwa.

Je, macho huharibika?

Ukungu wa skrini hauleti upofu. Lakini mtu hukodoa macho, huinama na kusogea karibu, na anayekazia macho kompyuta hupepesa kope mara chache. Matokeo yake ni uchovu, macho makavu, na maumivu ya kichwa na shingo.

Jipime hivi

Shika gazeti hili kando ya skrini, kwa umbali wa mkono mmoja, penye mwanga wa kutosha. Likisomeka vizuri huku skrini ina ukungu, shuku skrini. Vyote vikiwa na ukungu, shuku macho. Rudia ukifumba jicho moja, kisha jingine.

Namna ya kurekebisha

Kwenye Windows 10 na 11, bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, ingia "Display settings", kisha "Display resolution". Chagua kipimo chenye neno "Recommended", lakini hakikisha ni kile kile cha skrini yako. Kama hakimo kwenye orodha, huenda draiva ya picha haijawekwa, jambo la kawaida baada ya Windows kuwekwa upya. Mwambie fundi aiweke. Kompyuta kuukuu pengine haifiki kipimo hicho. Basi fundi aizuie picha isivutwe. Pembeni patabaki peusi, lakini duara litakuwa duara.

Baadhi ya wazee hupunguza idadi ya vitone kwa makusudi ili herufi ziwe kubwa. Wanapata ukubwa, wanapoteza usafi. Ni bora kuacha kipimo halisi cha skrini, kisha kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye ukurasa huo huo, palipoandikwa "Scale", hadi asilimia 125 au 150.

Hata skrini ikiwa sawa, kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, yapata mita 6, kwa sekunde 20. Ukingo wa juu wa skrini usizidi usawa wa macho, na dirisha lisiwe nyuma yako likaakisi mwanga kwenye kioo.

Wakati wa kwenda hospitali

Kurekebisha skrini si badala ya daktari. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, wengi hupungukiwa uwezo wa kusoma karibu, na hao wanahitaji miwani iliyopimwa. Mtoto asiyeona ubao darasani naye apimwe. Jicho jekundu lenye maumivu, au kuona kulikopungua ghafla, si jambo la kusubiri. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Macho ni amana, na fedha ya nyumba pia ni amana. Leo, kabla mtoto hajafungua somo, tazama kama duara kwenye skrini yenu bado ni duara.