Marko Vovchok na Hadithi za Watwana wa Ukraina (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi amri ya Malkia Catherine wa Pili, iliyotolewa mwaka 1783, ilivyowaziba wakulima wa Ukraina ya mashariki njia ya kuhama, hata wakawa ni watwana wa wenye mashamba. Mtwana huyo hakuletwa kwa jahazi kutoka ng'ambo. Alizaliwa katika kijiji kile kile walimozikwa babu zake, na aghalabu alikuwa na kibanda chake na kijishamba cha kulima siku alizoachiwa. Lakini nafsi yake, pamoja na mkewe na wanawe, ilihesabiwa katika mali ya bwana, naye aliweza kuuzwa, kuozwa bila ya ridhaa yake, au kupelekwa jeshini kwa miaka mingi kiasi cha kuliliwa na jamaa zake kama maiti siku ya kuondoka. Kaizari Paul wa Kwanza alitangaza mwaka 1797 kwamba mtwana asifanyishwe kazi Jumapili, na kwamba siku 3 za juma zamtosha bwana. Ila tangazo lilikuwa mbali, na msimamizi mwenye mjeledi alikuwa karibu.

Mwandishi aliyeyatia mambo hayo katika hadithi fupi, kwa ufasaha ambao mimi sijauona kwa mwingine wa zama zake, alijulikana kwa lakabu ya kiume, Marko Vovchok, na jina lake hasa ni Maria Vilinska. Alizaliwa mwaka 1833 katika jimbo la Oryol, Urusi, nyumbani kwa watu waungwana ambao lugha yao ilikuwa Kirusi. Huko Oryol alikutana na Opanas Markovych, mkusanyaji wa nyimbo na methali za Kiukraina, ambaye serikali ilimhamishia huko kwa kosa la kuwamo katika chama cha siri, Udugu wa Watakatifu Kirilo na Metodio. Wakaoana mwaka 1851, wakaenda kukaa Chernihiv, kisha Kyiv, kisha mji mdogo wa Nemyriv. Katika miaka hiyo bibi huyu alijifunza Kiukraina vinywani mwa wenyewe, akiketi na wanawake wa vijijini na kusikiliza nyimbo zao na visa vyao, hata lugha ile ikawa yake kwa namna ambayo wengi waliozaliwa nayo hawakuifikia. Hadithi zake za kwanza alizipeleka kwa Panteleimon Kulish, mwandishi na mchapishaji aliyekuwa St. Petersburg, naye akazitoa katika kitabu kimoja mwishoni mwa mwaka 1857.

Jambo linalokipa kitabu hicho nguvu ni kwamba mwandishi hasemi. Anayesimulia, takriban katika kila hadithi, ni mwanamke wa kijijini, mjakazi au jirani wa mjakazi, akieleza kwa maneno machache aliyoyaona, bila ya kuhutubia wala kumlaani mtu. Katika vitabu vingi vya waungwana wa wakati ule mtwana alitazamwa kwa mbali, kutoka barazani kwa bwana au kutoka katika gari la msafiri, na huruma aliyopewa ilikuwa ni huruma ya mpita njia. Hapa msomaji yumo ndani ya kibanda, na bwana ndiye anayeonekana kwa mbali.

Tazama kisa cha Horpyna. Ni mama kijana, mwanawe mchanga ana homa na halali usiku wala mchana, na alfajiri yampasa kwenda kuvuna shamba la bwana. Anaomba aachiwe siku ile moja amwuguze mtoto. Anakatazwa kwa ukali na kusukumwa kazini. Basi katika dhiki yake anakumbuka aliyoyasikia kwa watu, kwamba maji ya vichwa vya mpopi, mmea ule utoao afyuni, humpa mtoto usingizi. Anavichemsha, anamnywesha, mtoto anatulia, naye anakwenda zake shambani moyo ukiwa nyuma. Jioni anarudi mbio, anamkuta amekauka. Baada ya hapo akili zinamruka Horpyna, wala haponi. Katika kisa kizima hakuna damu iliyomwagika, wala mjeledi uliopigwa, na bwana yule, lau angeulizwa mbele ya kadhi, angeapa kwamba hakumgusa mtu. Alichukua siku moja tu ya mwanamke, siku ambayo sheria ilisema ni ya bwana. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila nifikapo pale mama anapochemsha dawa, natamani mtu amshike mkono.

Kisa cha mwanamke wa Kikozaki ni kikali kwa njia nyingine, maana Olesia alizaliwa huru, akaingia katika utwana kwa hiari, kwa sababu ya mapenzi. Watu wa kijiji wanamkanya asiolewe na Ivan, mtwana wa bwana. Haambiliki, anaolewa, na uhuru wa ukoo mzima unazimika siku ya harusi. Mume achukuliwa na bwana safari ya mbali na kufia ugenini, wana nao waondolewa kwenda kutumika, na Olesia amaliza siku zake peke yake.

Lakini hadithi iliyo refu na iliyo kamili kuliko zote za watwana ni ile iitwayo Instytutka, iliyokuja baada ya kitabu hicho, nayo ni ya binti wa kibwana aliyerudi kwa nyanya yake kutoka chuo cha mabinti wa waungwana, amejifunza adabu za kigeni, na ukali wake ukawa adhabu kwa kila mtumishi. Msimulizi ni Ustyna, mjakazi wake. Binti huyo anaolewa na tabibu, mtu mpole mwenye tabia njema, na watwana wakatumaini nafuu. Nafuu haikuja. Tabibu asikitika, ageuza uso, atoka chumbani, na mkewe aendelea. Na kwa rai yangu hapo ndipo mwandishi alipoona mbali kuliko wote waliodhani kwamba tiba ya utwana ni mabwana wenye huruma. Siku bibi anapompiga Ustyna kwa fujo iliyoanzia kwenye matofaa waliyopewa watoto, Prokip, mumewe Ustyna, anaushika mkono wa bibi. Adhabu yake ni kupelekwa jeshini. Ustyna anafuatana naye, na katika umaskini wa mke wa askari, akifanya kazi za watu kwa ujira, anahisi kwa mara ya kwanza kwamba nafsi yake ni yake.

Hadithi hiyo aliitabaruku kwa Taras Shevchenko, mshairi mkuu wa Ukraina, aliyezaliwa mtwana na kukombolewa mwaka 1838 kwa rubo 2,500, naye Shevchenko akamwita mwandishi huyu binti yake. Ivan Turgenev alizifasiri hadithi zake kwa Kirusi, zikatoka mwaka 1859, na wasomaji wa miji mikuu wakazisoma wakati ule ule serikali ilipokuwa ikijadili hatima ya watwana. Baadaye, yeye na mumewe walipokwisha kutengana, palizuka watu waliodai kwamba mume ndiye mtunzi. Dai hilo ni dhuluma, maana bibi huyu aliendelea kuandika miaka mingi bila ya mkono wa Markovych, na sauti ni ile ile.

Amri ya kuwaacha huru watwana ilitoka mwaka 1861, na Instytutka ikachapishwa kwa Kiukraina mwaka uliofuata, katika jarida la Osnova. Watu waliachwa huru, ila ardhi ilibidi wailipie kwa mafungu ya kila mwaka, na malipo hayo hayakufutwa mpaka mwaka 1907, mwaka ambao Maria Vilinska alifariki mjini Nalchik. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza maisha yake ya Paris, na jinsi hadithi yake Marusia ilivyoandikwa upya kwa Kifaransa na kupendwa na watoto wa Ufaransa.