Muziki wa Ujana: Chombo Kimfaacho Mzee Mwenye Demensia

Mzee mwenye demensia huweza kusahau jina la mwanawe, na bado akaimba wimbo wa ujana wake tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbukumbu ya muziki uliozoeleka hutegemea sehemu kadhaa za ubongo, na baadhi yake huchelewa kuathiriwa na ugonjwa. Utafiti wa mwaka 2010 wilayani Hai ulionyesha kuwa takriban watu 6 kati ya 100 wenye umri wa miaka 70 au zaidi walikuwa na demensia.

Baadhi yao huhangaika, hasa jioni. Dawa za kutuliza zikitumiwa ovyo huongeza hatari ya kuanguka, kiharusi na hata kifo. Muziki hauponyi demensia, lakini unaweza kupunguza mahangaiko hayo.

Mkoani Tanga yapo makazi ya wazee ya serikali Mwanzange. Handeni na Korogwe wazee walio wengi hutunzwa na jamaa zao. Kote huko, chombo kimfuate mzee, si mzee akifuate chombo. Simu ya kugusa kioo humshinda mwenye vidole vinavyotetemeka, au asahauye hatua ya kwanza kabla ya kufika ya pili. Kimfaacho ni redio ndogo ya kadi, yenye kitufe kimoja kikubwa cha rangi iliyo wazi, vingine vikifunikwa, na betri inayoweza kuchajiwa kwa sola. Kwa kuwa uzee hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, kuongeza sauti pekee hakutoshi: spika isikwaruze, iwekwe karibu, na kelele nyingine zizimwe.

Nyimbo zichaguliwe kwa kuuliza: alipokuwa na miaka 15 hadi 25, alisikiliza nini? Mwenye miaka 80 leo huenda alicheza muziki wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz za Tanga. Mwingine atatulizwa na mdumange ya Wasambaa, ngoma za Kizigua, kaswida au nyimbo za kanisani.

Mara ya kwanza mtunzaji aketi naye, autazame uso wake na pumzi zake. Wimbo ukimtia hofu au uchungu, uzimwe na uondolewe kwenye kadi.

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, asitulizwe kwa muziki. Apelekwe haraka kituo cha afya, kwani huenda ana malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji mwilini.