Fahamu: Chumvi tunayokula hupimwaje?

Jioni katika mitaa kama Kayole au Umoja, chipsi zikitoka kwenye karai hunyunyiziwa chumvi, kisha mteja akaongeza nyingine. Kwa siku nzima amekula kiasi gani?

Kiwango kinachofaa
Shirika la Afya Duniani, WHO, hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11.

Njia ya kupima
Kuuliza watu hakutoshi, kwani chumvi iliyo ndani ya mkate, smokie na viungo vya pakiti haionekani. Kipimo bora ni kukusanya mkojo wote wa saa 24, maana sehemu kubwa ya sodiamu iliyo katika chumvi tunayokula hutoka kwa njia hiyo.

Hapa Kenya
Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 uliwauliza watu wa miaka 18 hadi 69 kuhusu mazoea yao ya chumvi. Mabadiliko ya mazoea hayo hujulikana tu utafiti ukirudiwa kwa njia ileile.

Chumvi nyingi huweza kupandisha shinikizo la damu, ambalo mara nyingi halina dalili. Pima presha, na uonje chakula kabla ya kuongeza chumvi.