Mwisho wa Matrix: Amani ya Neo ilimnufaisha nani?

Filamu ya tatu ya Matrix, The Matrix Revolutions, ilitoka Novemba 5, 2003, ikaoneshwa kwa saa ileile moja katika miji mingi ya dunia. Watazamaji walitoka ukumbini na ubishi uliodumu kwa miaka mingi: je, Neo alikufa au hakufa?

Kwetu sisi tuliolelewa na mabanda ya video, kanuni ilikuwa inajulikana: staringi hauawi. Atapigwa, atatekwa, atavuja damu, lakini jambazi ndiye atakayelala chini. Ndugu wawili, Lana na Lilly Wachowski, walioandika na kuongoza filamu zote tatu za mwanzo, hawakuifuata kanuni hiyo, wala hawakuivunja waziwazi. Mara ya mwisho tunamwona Neo, anayeigizwa na Keanu Reeves, amelala huku mikono imetandazwa, na mashine zikimbeba taratibu kumwingiza ndani ya mji wao. Hakuna maziko, wala hakuna anayetamka kwamba amefariki. Mtoto Sati anapouliza kama watamwona tena, bibi mtabiri Oracle anajibu kwamba huenda wakamwona, siku moja. Basi.

Kila upande una hoja zake. Wapo wanaosoma habari ya Kristo: mikono ile iliyotandazwa, na mtu anayekubali kuangamia ili wengine wapone. Neo anamwachia adui yake Smith, programu iliyoziasi mashine, ammeze, na kwa kuwa wakati huo mwili wake umeunganishwa na mtambo mkuu, Smith anafutika pamoja na nakala zake zote. Wapo pia wanaodai kwamba hata Zion, mji wa mwisho wa binadamu, ni Matrix nyingine, yaani ulimwengu mwingine wa kompyuta ambamo mashine zimewafungia watu. Hao wanakumbusha kwamba mwishoni mwa filamu ya pili Neo anazisimamisha mashine kwa mkono mtupu, akiwa nje ya ulimwengu wa kompyuta. Hoja hiyo inavutia, ila filamu ya tatu inaidhoofisha: Oracle anaeleza kwamba uwezo wa Neo unafika hadi kwenye chanzo chenyewe cha mashine, kwa hiyo hauishii ndani ya Matrix.

Tafsiri zote hizo zinamfuata mtu mmoja. Mimi naona fumbo kubwa zaidi liko kwenye mkataba aliouacha.

Waliokaa bustanini

Tukumbuke makubaliano yenyewe. Smith amejinakili ndani ya kila mtu hadi mashine zimeshindwa kumdhibiti. Neo anakwenda katika mji wa mashine, kipofu, mpenzi wake Trinity akiwa ameshakufa chombo chao kilipoanguka, na anaweka sharti moja: atawaondolea Smith, nao wasitishe vita. Wanakubali. Jeshi lililokuwa limeuvamia Zion linarudi nyuma.

Kisha inakuja sehemu ya mwisho. Architect, aliyeisanifu Matrix, anakutana na Oracle bustanini. Anataka kujua amani hii itadumu muda gani, naye anajibiwa kwamba itadumu kadiri itakavyoweza. Oracle anauliza kuhusu wanaotaka kutoka. Architect anasema hao wataachiliwa.

Angalia waliopo katika bustani ile: Architect, Oracle, Sati na mlinzi Seraph. Wote wanne ni programu. Hatima ya binadamu inazungumzwa pasipo binadamu hata mmoja kuwapo, na neno zito kuliko yote linapita haraka: wanaotaka. Mtu atatakaje kutoka mahali asipojua kwamba yumo? Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1999, Morpheus, aliyemtoa Neo ndani ya Matrix, alishamwonya kwamba walio wengi hawako tayari kuamshwa, na baadhi yao wataupigania mfumo unaowanyonya. Filamu hiyo ilimalizika kwa Neo kupiga simu na kuziahidi mashine kwamba atawafumbua watu macho. Miaka minne baadaye, hadithi inafungwa watu wakiwa bado wamelala katika vifuko vyao, wakifyonzwa nishati. Ahadi ya ukombozi imegeuka kuwa ruhusa ya kuondoka.

Jua la kuchorwa

Hata furaha ya picha ya mwisho ina walakini. Kunakucha, anga limejaa rangi, na tunaambiwa kwamba alfajiri hiyo imetengenezwa na Sati kwa heshima ya Neo. Ni nzuri, lakini ni ya kompyuta. Jua la kweli limeonekana mara moja tu katika filamu hiyo, pale chombo cha Trinity kilipopenya juu ya mawingu meusi. Alilitazama kwa sekunde chache, akaporomoka nacho. Neo alikuwa pembeni yake, hana macho. Na mawingu yale hayakuletwa na mashine. Binadamu wenyewe ndio waliolichoma anga wakati wa vita, wakidhani watazikata umeme.

Hapo ndipo ninapomtetea Neo. Zion ina watu wapatao 250,000, wanaoishi chini ya ardhi iliyokufa. Kama waliolala wangeamshwa wote kwa mkupuo, wangekula nini, wangeishi wapi? Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aliwapatia watu haki ya kutoka. Mahali pa kwenda hakuwa napo.

Filamu ya nne, The Matrix Resurrections, iliyoongozwa na Lana peke yake mwaka 2021, ilijibu ubishi wa mashabiki: mashine zilikuwa zimeukarabati mwili wa Neo, na wa Trinity pia. Jibu lenye uzito zaidi limo ndani ya maelezo mafupi ambayo wengi waliyapita. Watu walipoanza kuachiliwa, nishati ilipungua, na mashine zikaanza kupigana zenyewe kwa zenyewe. Amani ilidumu mpaka uhuru ulipoanza kugharimu umeme. Baada ya hapo alitokea Analyst, bwana mpya wa Matrix, anayejigamba kwamba watu wake hawataki kwenda popote, kwa sababu amewashibisha hofu na matamanio.

Ni majigambo tu, lakini yanaionesha kasoro ya mkataba wa 2003. Uliwalinda waliokuwa macho na kuwaachia waliolala mlango wasioujua. Neo na Trinity wanaporuka angani mwishoni mwa filamu hiyo ya nne, wanamwacha Analyst na ahadi ya kuubadili ulimwengu wake. Waliolala bado hawajaulizwa.