Kinyonga wa Hanang, mkazi wa kisiwa kisicho na bahari

Mawe makubwa yanayotuzunguka hapa Kikuyu na kote Dodoma yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Shika njia ya Kondoa hadi Babati, kisha ufuate barabara ya Singida, utaukuta mlima mchanga kabisa: Hanang, volkano ya takriban miaka milioni moja, yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Moto wake umezimika zamani. Hata maporomoko ya Desemba 3, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, hayakuwa mlipuko kama wengi walivyohofia; mvua kubwa ililowesha miamba laini ya mteremko ikameguka.

Juu ya mlima huo anaishi kinyonga mdogo asiye na pembe, ambaye hajulikani kwingine kokote duniani. Wanasayansi Krause na Böhme walimtambulisha mwaka 2010 kwa jina Trioceros hanangensis. Alifikaje huko? Zamani, dunia ilipokuwa baridi zaidi, uoto wa milimani ulishuka hadi chini na wanyama wake wakasambaa. Joto liliporejea, uoto ukapanda tena, tambarare ikawa bahari wasiyoweza kuivuka. Waliobaki Hanang walizaliana wao kwa wao hadi wakatofautiana na ndugu zao wa Meru na Kilimanjaro.

Kinachonistaajabisha zaidi ni uzazi wao. Vinyonga wengi hufukia mayai ardhini, lakini udongo wa juu mlimani ni baridi mno. Kwa hiyo jike wa jamii hii huyatunza mayai tumboni. Asubuhi hupanda kijitini, akaupanua ubavu na kuutia weusi upande unaotazama jua, ili mwili upate joto haraka. Siku ikifika, huwashusha watoto mmoja mmoja juu ya matawi, kila mmoja ndani ya utando mwembamba unaonata. Mtoto huuchana, akashika tawi, akaanza kutembea peke yake.

Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lakini moto wa nyasi hausomi mabango. Vichaka vya juu vikiungua, kinyonga huyu hana pa kuhamia: chini kuna joto na ukame, na juu mlima unazidi kuwa mwembamba. Nanyi mnaopanda kutokea Katesh, mkimwona msimchukue; mpigeni picha, mwacheni kwenye tawi lake.